Upande wa Pili wa Santuri

Jumapili ile, baada ya Misa, Ndyamukama alikuwa na wageni sita sebuleni na gramafoni juu ya meza, na katika kijiji kizima cha Kanoni hapakuwa na mtu aliyejiona mtu kuliko yeye. Mwaka huo kahawa ilikuwa imelipa. Wenzake walinunua mabati, wengine baiskeli, mmoja akaoa mke wa pili na kabla ya mavuno mengine alikuwa amekwisha kujuta. Ndyamukama alishuka Bukoba, akarudi na sanduku lenye mpini ubavuni na santuri kumi na mbili zilizoviringishwa katika blanketi jipya.

Tangu hapo nyumba ile haikupumzika. Asubuhi kabla ya kwenda migombani, santuri. Mchana akinyoosha mgongo, santuri. Kahawa ikiwa juani uani, aliacha kuigeuza akakimbilia ndani kugeuza santuri, na mara mbili mvua ilimnyeshea kahawa yake huku yeye akitikisa kichwa kwa raha. Mkewe Adelgunda alikwisha kuzoea kusema naye kwa ishara. Na Jumapili ndiyo usiseme. Watu wengine wakibaki nje ya kanisa kusalimiana na kusikiliza matangazo ya mkuu wa kijiji, Ndyamukama na wageni wake walikuwa tayari njiani, wakienda mwendo wa watu wanaowahi chakula.

Mgeni mkubwa alikuwa Egbert, mwenye duka la nguo pale Kanoni, mtu wa Muleba, mcheshi na mwenye sauti. Siku ile ndiye aliyekuwa akichagua nyimbo. Milango ilifungwa ili kuku wasiingie, wanaume wakakaa karibu na sanduku, wakaimba, wakapiga makofi, wakagonga sakafu kwa visigino. Santuri moja ilipokwisha, Ndyamukama aliinua sindano ili aigeuze. Kwa mapigo machache ya moyo, sebule ikawa tupu ya sauti.

Hapo ndipo alipousikia mkia wa sauti. Uuuu, nyembamba, kwa mbali, kisha kimya.

"Nyamazeni kidogo," akasema, santuri mkononi. "Hamkusikia?"

"Tusikie nini?"

"Kama enduru."

Huku kwetu enduru si kelele ya kawaida. Ni ukelele wa kuomba kuokolewa, na anayeusikia hana hiari. Anaacha alichoshika, anachukua mkuki au muhoro wake wa kukatia migomba, anaupokea ukelele na kuupiga yeye pia ili walio mbele wasikie, kisha anakimbia unakotoka. Haulizi ni nani, hata kama ni adui yake. Asiyekwenda huitwa akajieleze mbele ya watu. Na aliye karibu kuliko wote asipokwenda, watu huanza kumhesabu upande mmoja na kile kilichouma. Ndyamukama aliyajua hayo kabla hajajua kufunga mkanda.

"Wachungaji hao, ndugu yangu," Egbert akasema na kucheka. "Wanaitana. Geuza, geuza, upande huo wa pili ndio wenyewe!"

Ndyamukama akasikiliza tena. Labda alisikiliza kwa muda wa pumzi mbili. Mmoja alikuwa akikohoa, mwingine akimimina rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu chake. Moyo ulimwambia afungue mlango. Lakini wageni walikuwa wakimtazama, na wimbo wenyewe, akajisemea, ni dakika tatu tu. Ukiisha nitatoka niangalie. Akazungusha mpini, akaweka sindano.

Hakuufaidi wimbo ule. Aliketi mkono ukiwa juu ya sanduku, akijua kwamba angeweza kuinua sindano wakati wowote, na hakuiinua. Baadaye alijiuliza mara nyingi ni nini kilichomshika mkono.

Wimbo ulikuwa haujaisha mlango uliposukumwa. Alikuwa Adelgunda, mikono yake imejaa utomvu wa ndizi alizokuwa akimenya jikoni.

"Anatolia hajarudi!"

"Amekwenda wapi?"

"Nilimtuma kisimani. Tangu mlipofika!"

Nje ya mlango ule uliofunguliwa ilikuwa enduru. Haikuwa moja wala kwa mbali. Zilikuwa sauti za wanaume wengi, upande wa kwa jirani Kahigi, upande wa barabara ya kijiji cha Igurwa, zikipokezana, na zote zikikimbilia bondeni chini ya migomba yake mwenyewe. Mbwa walikuwa wakilia kama wanaochomwa.

Anatolia, binti yao, alikuwa na miaka saba.

Hakumbuki alivyoupata mkuki. Anachokumbuka ni migomba. Alikuwa ameipanda karibu karibu kwa ubahili wa ardhi, na sasa kila jani lilimpiga usoni na kumfungia njia, hivi kwamba hakuona zaidi ya hatua nne mbele. Aliita, "Anatolia! Anatolia!" Kisha akanyamaza ili asikie kama anaitikiwa, akasikia pumzi zake tu na nyuma yake, kutoka nyumbani, gramafoni ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima. Ilikuwa ikiimba peke yake. Aliogopa kufika na aliogopa kuchelewa. Akaanza kumwahidi Mungu vitu ambavyo hakuwa navyo.

Njiani chini alivuka alama za kwato, pana na nzito, zilizochimba udongo. Akajua ni mbogo. Akashika mgomba, akajisukuma tena.

Kisimani alikuta watu wasiopungua thelathini. Wengine walitoka ng'ambo ya bonde, nyumba za mbali kuliko yake mara tatu. Majani yalikuwa yamelazwa chini, na juu ya majani kulikuwa na damu nyingi. Ndyamukama aliiona damu ile, akapiga magoti bila kutaka.

"Si yake," mtu mmoja akamwambia kwa ukali. "Ni ya Kahigi."

Kahigi alikuwa jirani yake wa ng'ambo, mtu mwembamba asiye na maneno, ambaye hakuwahi kualikwa kusikiliza gramafoni kwa sababu hakuwa na viatu vya kuingia navyo sebuleni. Alikuwa amelala ubavu, paja limechanwa, wanawake wawili wakilifunga kwa kanga. Ndiye aliyefika wa kwanza. Alifika peke yake, akamkuta mbogo mwenye kipande cha mkuki mgongoni, akizunguka mti na kuupiga kwa pembe, na juu ya mti, kwenye tawi lisilozidi urefu wa mtu mmoja na nusu, mtoto. Kahigi alimpigia mbogo kelele ili amwache mtoto amfuate yeye, na mbogo alimfuata. Mbwa na watu wa Igurwa walipofika, mnyama akakimbilia mabwawani.

Anatolia alikuwa bado juu. Alikuwa amelikumbatia tawi kwa mikono na miguu, uso umebanwa kwenye gome.

"Shuka, mwanangu," Ndyamukama akasema. Akainua mikono. "Shuka, Tata yako nipo."

Mtoto alimtazama. Hakushuka. Akamtazama tu, kama anavyotazamwa mgeni ambaye bado hajataja jina lake. Kijana mmoja wa Igurwa, ambaye hawakujuana naye kabisa, akaegemea mti na kunyoosha mikono, na huyo ndiye aliyemwangukia.

Rwegasira, mkuu wa kijiji, mzee mwenye shati jeupe la kanisani lililochanikia miibani, alisimama mbele ya Ndyamukama watu wote wakisikia.

"Baada ya Misa nimetangaza kwamba wawindaji wa Rugu wamemjeruhi mbogo na amevukia huku. Nikasema watoto wasishuke kisimani. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekwisha kuondoka, mzee."

"Haya. Na mtoto amepiga enduru, Kahigi ameipokea, Igurwa wamesikia. Nyumba yako ni hapo juu, naliona paa lake. Wewe hukusikia?"

Wageni sita walikuwa wamefika, wakasimama nyuma yake. Egbert alitazama chini.

"Sikusikia," Ndyamukama akasema.

Alitozwa kama ilivyo desturi, mitungi ya rubisi na mbuzi wa kumpelekea Kahigi, akatoa bila kubisha. Watu walimwamini kwamba hakusikia, kwa kuwa kila mtu aliijua gramafoni ile. Walimsema wakamaliza. Lakini yeye alibaki na kile alichokijua, na kilimtafuna mchana na jioni. Maji yakichemka jikoni, alishtuka. Mtoto wa jirani akilia kwa kunyimwa muwa, alikuwa tayari ameshika mkuki. Na zaidi ya mbogo, zaidi ya mkuu wa kijiji, alimwogopa Anatolia. Aliogopa siku atakapofungua mdomo. Mtoto hakuwa amesema neno juu ya siku ile, si kwa mama yake wala kwa mtu yeyote. Alikula, alifagia, alikwenda kisimani akiwa ameshikilia nguo ya Adelgunda. Ndyamukama akiingia mahali, yeye alitoka taratibu, kwa adabu.

Gramafoni ilifunikwa blanketi, ikakaa hivyo wiki tano. Sina budi kusema ukweli: haikuwa rahisi. Mara nyingi mchana Ndyamukama alijikuta amesimama mbele yake, mkono tayari kwenye mpini, bila kukumbuka ameacha kazi saa ngapi wala amefika pale kwa njia gani. Hilo nalo lilimtisha. Kumbe mkono ulikuwa umejifunza njia yake wenyewe, hauhitaji tena kumwuliza mwenye mkono. Akaanza kujiuliza swali dogo kila ulipomfikisha pale: nimekuja kusikiliza nini? Siku nyingi swali hilo lilimrudisha uani kugeuza kahawa.

Kahigi alipoanza kutembea kwa fimbo, Adelgunda akasema, "Basi fungua hilo sanduku, mume wangu. Limekuwa kama jeneza humu ndani. Lakini ulifungue kwa akili."

Akalifungua kwa akili. Kwanza alizunguka nyumba kuhakikisha kila mtu alipo: mke yuko jikoni, mtoto yuko uani, mbuzi wamefungwa, kahawa imefunikwa. Akaacha milango yote miwili wazi, kuku wakaingia wakitaka. Akachagua wimbo mmoja, ule aliokuwa na hamu nao hasa, akausikiliza hadi mwisho pasipo kuuimbia juu. Kisha akainua sindano, akatoka, akasimama uani na kusikiliza bonde hadi aliposikia kila kilichomo: kunguru, upepo kwenye migomba, mtu akipasua kuni upande wa Kahigi. Upande mmoja tu kwa siku, na Jumapili pande mbili. Egbert aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Umeandikiwa na daktari? Moja asubuhi baada ya chakula?"

"Cheka tu," Ndyamukama akamwambia. "Lakini ukija kwangu, mlango hatufungi."

Ajabu ni kwamba nyimbo zilimrudia. Zamani alikuwa hawezi kukuambia wimbo unasema nini, japo aliupiga mara mia. Sasa alilijua kila neno. Hata hivyo woga haukumwacha, na kila aliporudi kutoka uani alimkuta Anatolia amesimama pembeni ya nyumba, akimtazama.

Siku moja mchana, mtoto akasema. Walikuwa wamekaa juu ya mikeka ya kahawa, wakichagua mbovu. Hakuinua kichwa.

"Tata, mimi sikupiga enduru mara moja."

Mikono ya Ndyamukama ikasimama.

"Nilipiga mara nne. Nilikuwa naisikia santuri kule juu ya mti. Ikiimba nanyamaza, ikiisha napiga."

"Kwa nini unyamaze, mwanangu? Mbogo yuko chini yako!"

"Ulisema santuri ikiimba mtoto asipige kelele. Ulinichapa siku ile ya wageni." Alitupa punje mbovu pembeni. "Mara ya nne nilipiga kwa nguvu sana. Mkanyamaza wote. Nikajua umesikia, nikajua unakuja. Kisha ikaanza tena."

Ndyamukama aliweka chini punje alizoshika. Alikuwa amewadanganya watu thelathini na mkuu wa kijiji, na wakati wote ule shahidi wake alikuwa akifagia uani.

"Nilisikia," akasema. "Nilisikia, nikageuza santuri. Nilikosa, Anatolia. Kosa kubwa."

Mtoto aliendelea kuchagua kahawa.

"Kuanzia leo," akasema baba yake, "ukinihitaji, usingoje wimbo uishe. Piga katikati. Piga hata kama padri yupo sebuleni. Nitakuja."

"Ndiyo, Tata," akajibu Anatolia, kwa sauti ya mtoto aliyefundishwa kuitikia watu wazima. Ndyamukama akajua hakuaminiwa, akaona si vibaya, hata yeye asingejiamini.

Jumapili iliyofuata alibaki nje ya kanisa hadi tangazo la mwisho. Wageni walikuja, wachache, Egbert akiwamo, milango ikiwa wazi. Alizunguka nyumba kama kawaida. Adelgunda alikuwa jikoni, Anatolia alikuwa uani na kibuyu kitupu akicheza. Akaweka santuri.

Wimbo ulikuwa umefika katikati, mahali pale patamu ambapo Egbert hufumba macho, sauti ilipotoka bondeni. Nyembamba, ndefu, ya mtoto.

Ndyamukama hakuinua sindano. Aliruka, meza ikayumba, sindano ikakwaruza santuri hadi katikati kwa mlio wa kutisha, na kabla mlio haujaisha yeye alikuwa mlangoni, mkuki mkononi, akipiga enduru kwa sauti yake yote. Migomba ikampiga usoni kama mara ya kwanza. Woga ulikuwa ule ule, ulimpofusha. Safari hii hakumwahidi Mungu chochote. Alikimbia tu.

Anatolia alikuwa amesimama kwenye njia ya kisimani, kibuyu kichwani, mzima. Hapakuwa na mnyama, hapakuwa na nyoka. Alikuwa amesimama wima, akiitazama njia ya kutoka nyumbani kuona ni nani atakayetokea.

Ndyamukama alisimama mbele yake, mkuki mkononi, kifua kikipanda na kushuka. Akaelewa. Na hapo hapo akaelewa jambo la pili, kwa sababu bonde zima lilikuwa limeitika. Wanaume walikuwa wakimiminika kutoka pande zote na mikuki na mihoro. Rwegasira alikuwemo. Na nyuma ya wote, akiruka kwa mguu mmoja na fimbo, jasho likimtiririka, alikuwa Kahigi.

Kupiga enduru ya uongo kwetu ni kosa zito kuliko kutoitikia. Aliyeipiga huchapwa mbele ya watu, awe mkubwa awe mdogo, kwa kuwa siku nyingine kijiji kitadhani ni mchezo, na mtu atakufa.

"Nani amepiga?" Rwegasira akauliza. Akamwona mtoto, akaona njia iliyo tupu, uso ukamkunjamana. "Mbogo yuko wapi?"

Anatolia alirudi nyuma hatua moja. Kibuyu kilitikisika kichwani.

"Ni mimi," Ndyamukama akasema. "Ni mimi niliyemwambia apige."

Watu wakaguna. Kahigi alikuwa amefika, ameegemea fimbo yake, anahema.

"Wewe? Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ile siku ya mbogo niliwaambia sikusikia. Nilisikia. Nilisikia nikiwa nimeshika santuri mkononi, nikaweka upande wa pili. Kahigi alikuwa akipasuliwa paja mimi nikisubiri wimbo uishe." Hakuweza kumtazama Kahigi, kisha akajilazimisha kumtazama. "Mtoto alitaka kujua kama sasa nitakuja. Fimbo zake ni zangu. Nitozeni za leo na za siku ile."

Ndyamukama aliogopa kuliko alivyomwogopa mbogo, maana watu hawa wangeweza kumtenga, wasimwitikie tena yeye wala nyumba yake, na wangekuwa na haki. Rwegasira akamgeukia Kahigi, kwa sababu paja lilikuwa lake.

Kahigi alimtazama Ndyamukama kuanzia uso hadi miguu, bila haraka.

"Alete rubisi," akasema. "Na aje ainywe nami kwangu, uani. Sina sebule."

Kisha akageuka, akaanza kupanda kwake kwa fimbo, na mmoja mmoja watu wakamfuata.

Ndyamukama na binti yake walibaki njiani. Baba akakaa chini kwenye udongo. Anatolia alikitua kibuyu. Alikuwa akiitazama miguu ya baba yake, ambayo ilikuwa imechanwa na miiba na kisiki kimoja, inatoka damu kwenye vidole.

"Tata," akasema, "umekuja bila viatu."

"Sikuviona."

Mtoto akachuma jani la mgomba lililo laini, akachuchumaa, akaanza kumfuta damu.